Mikono Mia Moja na Kumi na Miwili

Jumatatu baada ya sala ya alasiri, Bi Radhiya alipanda orofani kufagia chumba cha ndani, akakuta majani sita mabichi juu ya kitanda. Aliokota moja, akalibonyeza kwa kidole chake cha mwisho, kile kilichopindishwa na nguzo iliyomwangukia miaka mingi nyuma, akajua ni jani la muia, mkoko wa boriti nzuri. Akainua macho. Boriti ya saba kutoka mlangoni ilikuwa imechipua upande wa kibla.

Alimaliza kufagia, maana uchafu ni uchafu popote utokapo, kisha akamwita Fundi Shukri, ambaye wakati huo alikuwa juu ya paa akipima kwa kamba mahali pa kujenga chumba cha Afra, binti wa nyumba.

Fundi Shukri alishuka, akaiangalia boriti kama daktari amwangaliavyo mgonjwa asiyemlipa.

"Ya nani hii?"

"Ya babu yangu. Ilikatwa babako hayazaliwa."

"Basi imekawia," alisema Fundi Shukri, akarudi juu kupima.

Ni vizuri ijulikane mapema kwamba nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa kipimo cha mti. Boriti nzuri ya mkoko haizidi dhiraa sita, na dari hukaa juu ya boriti, kwa hiyo chumba chaweza kurefuka mpaka mwenyewe achoke, lakini hakipanuki. Watu wa mtaa wa Langoni wamezaliwa, wameoana na wamekufa ndani ya upana wa mti mmoja, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wanene.

Tena kuna ada. Binti wa nyumba ya mawe haozwi bila chumba. Watu wake humjengea juu ya nyumba ya mama yake, na bwana harusi huja na nguo zake na adabu zake. Vizazi saba vya wanawake kwa kina Bi Radhiya hakuna aliyewahi kulala chini ya dari ya watu. Afra, mwanawe wa pekee, alikuwa aolewe na Taufiq, kijana wa Wiyoni mwenye tabia nzuri na meno mazuri, mara baada ya Maulidi. Chumba kisipokuwa tayari, Afra angekwenda kukaa kwa mama mkwe na mawifi watano, nyumba moja, choo kimoja.

Na chumba kilitaka boriti arobaini. Korija mbili.

Hapo ndipo pa kucheka na kulia. Bi Radhiya mwenyewe alikuwa muuza boriti. Kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, Barka, kilikuwa Wiyoni, ufukweni, na gizani angeweza kukwambia unene wa mti kwa kushika tu, hii fito, hii pau, hii mazio. Boriti za Afra zilijulikana tangu siku aliyozaliwa. Siku hiyo Barka alikuwa kisiwani Ndau kukata mikoko. Habari zilipomfikia kwamba amepata mwana wa kike, alitembea kwenye matope akitia alama ya panga kwenye miti arobaini, michanga bado, akasema hii ni ya mwanangu, ikue naye. Miti ilikua naye. Ilikuwa imesimama huko Ndau mpaka leo, imenyooka, tayari. Lakini kiwanja cha Wiyoni kilikuwa kitupu, pamebaki maganda na paka, kwa sababu mwaka uliopita mikoko yote ya upande ule ilikuwa imeuzwa pumzi.

Kampuni iliyoinunua iliitwa Pumzi ya Pwani. Iliitisha mkutano kwenye kiwanja cha shule, wakaja wakataji, wauza boriti, mafundi, na watu wa kawaida waliosikia kuna biriani. Kijana mmoja wa kampuni, Patroba, mtu wa bara, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, alieleza kwa saa mbili. Alisema dunia inachemka. Hilo watu walikubali, jua lilikuwa kali. Alisema sera mpya ya tabianchi imefungua mlango wa biashara, na kwamba mikoko ya Lamu ni utajiri uliolala. Akaonyesha picha za mishale, mingine inapanda, mingine inashuka. Watu walikula, wakapewa kofia na fulana zenye mti kifuani, wakaondoka. Baada ya mwezi kibali cha kukata kikasitishwa, na ubao ukapigwa Ndau: JAMII IMERIDHIA. Manufaa kwa jamii yalikuwa njiani. Kila ukiuliza, yako njiani.

Bi Radhiya hakukumbuka kuridhia. Alikumbuka biriani ilikuwa na viazi vingi kuliko nyama. Lakini alikuwa mtu mzima, na watu wazima husahau, kwa hiyo hakuwa na hakika.

Kufikia Ijumaa boriti kumi na moja zilikuwa zimechipua. Bi Radhiya akajitanda buibui lake, akaenda ofisini kwa Patroba.

"Mwanangu," alimwambia baada ya salamu, "mimi ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara haoni haya kuuliza. Tuliuza nini?"

"Hewa ukaa, Bi Radhiya."

"Ni ipi hiyo?"

"Ni ile ambayo ingetoka kama miti ingekatwa."

"Na miti haikukatwa."

"Haikukatwa."

"Basi haikutoka."

"Ndiyo. Hiyo ambayo haikutoka ndiyo tumeuza. Kwa tani."

Katika maisha yake Bi Radhiya aliwahi kuuza boriti iliyopinda na kusema imenyooka, na mara moja aliuza korija moja kwa watu wawili, ingawa hilo lilikuwa ni kusahau. Kuuza kitu kisichotokea, tena kwa kupima, hakuwahi kukufikiria. Alimtazama Patroba kwa heshima mpya.

"Na aliyeinunua, aipeleka wapi?"

"Haiendi mahali. Inamruhusu tu kuendelea na kazi yake."

"Kazi gani?"

"Hiyo ni siri ya mteja," alisema Patroba, kisha akasugua paji la uso, akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata mimi sijaambiwa, Mama."

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akampa kofia ya pili. Bi Radhiya aliondoka akiwa amechanganyikiwa zaidi kuliko alipokuja, jambo ambalo alilihesabu kuwa ni ujuzi.

Wiki ya pili boriti zote arobaini za dari zilikuwa na majani. Mizizi ikateremka ukutani taratibu, ikazipita zile zidaka za kuwekea vyombo bila kuvunja hata kikombe, ikakanyaga sakafu. Siku ya kumi na tatu maji yakaanza. Yalijaa orofani saa ile ile yanayojaa baharini, yakafika kwenye kifundo cha mguu, yakakaa, yakapwa. Chini kulibaki kukavu. Bi Radhiya alikiinua kitanda kwa mawe manne, akahamisha Msahafu na cherehani. Kaa waliingia kwenye zidaka. Wasichana wa mtaani walipanda kununua kaa, na jirani, Bi Ummu, alikasirika sana: alisema amekaa ukuta mmoja na nyumba hii miaka arobaini, na hajaletewa hata tone.

"Ngoja zamu yako," alimwambia Bi Radhiya.

Afra ndiye aliyekuwa na neno. Alisimama ngazini, amekunja nguo, akimwangalia mama yake akifukuza samaki mdogo kwa fagio.

"Mama, wakija kina Taufiq nitawaambia nini?"

"Wambie wavue viatu."

"Mimi sicheki. Chumba changu ki wapi?"

"Ki yuu. Chaja."

Na kweli kilikuwa kinakuja. Kutoka mgongoni mwa kila boriti lilipanda shina moja, likatoboa chokaa ya dari polepole kama jino jipya la mtoto, likatokea juu ya paa pale pale Fundi Shukri alipokuwa amepima. Mashina yalipanda bila kupinda. Ilipofika wiki ya Maulidi, mji umejaa wageni na matari, mashina yalikuwa yamepita urefu wa watu wawili, na Fundi Shukri, aliyekuwa akiyatazama kila siku kama atazamaye sufuria, alipanda, akayakumbatia moja moja, akashuka na uso uliong'aa.

"Korija mbili kamili, Bi Radhiya. Hakuna hata moya ya kutupa. Boriti zimekuletea boriti mpaka mlangoni!"

"Yuu ya mlango," alisema Bi Radhiya, lakini moyo wake ulifunguka kama dirisha. Ndau hairuhusiwi, lakini hapa si Ndau. Hii ni nyumba yake, dari yake, boriti za babu yake. Mtu hukata nywele zake bila kibali. Walipatana kukata Alhamisi.

Jumatano alikuja Patroba. Alivua viatu bila kuambiwa, akakunja suruali, akapanda orofani na kifaa kidogo mkononi kilicholia kila alipogeuka. Maji yalikuwa yamejaa. Bi Radhiya alimkalisha kitandani, akampa kahawa thungu na kaimati.

"Bi Radhiya, kuna msitu kwenye nyumba yako."

"Nauyua. Mimi ndimi nilalaye tini yake."

"Setilaiti imeuona. Haukuwa kwenye ramani yetu ya mwanzo, kwa hiyo ni msitu wa nyongeza." Alimeza kaimati. "Msitu wa nyongeza ndio unaotafutwa zaidi. Kule ng'ambo wamefurahi sana."

"Waambie ahsante. Kesho twakata."

Patroba aliweka kikombe juu ya mzizi. Alisema, kwa huruma ya kweli, kwamba haiwezekani. Msitu ukishaonekana umeonekana. Haukatwi, haufukizwi moshi wa jiko, haujengwi juu yake wala chini yake, na majani yakianguka yaandikwe.

"Mwanangu, hii ni dari."

"Kutoka juu hatukuona dari, Mama."

"Kutoka tini ni dari."

"Setilaiti haitazami kutoka chini."

Bi Radhiya alifikiri. Kaa mmoja alipita baina yao, akatazama huku na huku, akaenda zake.

"Na mimi nisiporidhia?"

"Hapo umesema jambo kubwa," alisema Patroba, akafurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Sheria inataka ridhaa ya hiari. Bila ridhaa ya watu wa nyumba hatuwezi kuandika mkataba. Msitu unalindwa tu kwa muda, mpaka mridhie."

"Na tusiporidhia kabisa?"

"Unalindwa tu kwa muda. Muda wenyewe haukuandikwa."

Kabla ya kuondoka alifunga kamera ndogo, kubwa kidogo kuliko kiberiti, kwenye mzizi mnene pale orofani, karibu na ngazi. Ilikuwa ya kuhesabia ndege. Kitu kikipita mbele yake, yenyewe hujipigia picha. Aliielekeza juu kwenye matawi, akaomba radhi, akasema haitaona nyuso za wenye nyumba, ni majani tu na mabawa.

Arusi ilikuwa imebakisha siku nane. Fundi Shukri, mtu asiyekata tamaa mbele ya kazi, alisema kuna shauri jingine: nyuma ya nyumba, upande usio na msitu, chaweza kusimamishwa chumba cha simiti na vyuma. Kitakuwa na joto kama tanuri la mkate wa mofa na hakitapumua, lakini ni chumba. Akaleta mifuko miwili ya kuanzia, kwa punda, akaiweka kwenye daka, pale kibarazani mlangoni.

Bi Radhiya alikaa kuitazama. Hakuwa mpenzi wa saruji. Mfuko ulikuwa wa karatasi nzito, umeandikwa Kizungu, na katikati una picha kubwa ya rangi: umati wa watu umeketi kwenye kiwanja, kila mmoja ameinua mikono yake miwili, viganja juu. Safu ya pili, mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Alikitazama kidole cha pichani, akakitazama chake.

"Afra! Ndoo unisomee."

Afra alikuja, akasoma, akatafsiri taratibu. "Saruji isiyochafua anga. Moshi wetu wote unafutwa na mikoko ya Lamu. Hapa, jamii ya Lamu ikipiga kura ya kutuunga mkono."

"Kura gani?"

"Si mimi niliyeandika, Mama. Huyu si Mwalimu Husseini?"

Alikuwa ni yeye, mbele kabisa, kilemba chake, macho amefumba. Bi Radhiya alijitanda buibui, akaukunja mfuko mmoja mtupu alioukuta kwa Fundi Shukri, akautia kwapani, akaenda kwa Mwalimu.

Mwalimu Husseini alikuwa na miaka themanini na kitu, na maisha yake yote hakuwahi kuacha mkusanyiko ukatawanyika bila dua. Alifunga kwa Fatiha harusi, mazishi, mechi za mpira, na mara moja ugomvi wa punda. Aliutazama mfuko kwa muda mrefu, akiusogeza karibu na mbali.

"Mwalimu," alisema Bi Radhiya, "tulipiga kura lini?"

"Hatuyapiga kura. Yule kijana alimaliza maneno yake, watu wakainuka. Nikawaambia ketini, mkutano haufungwi hivi hivi kama mlango wa choo. Nikasoma Fatiha, nikaomba dua. Niliomba mvua, niliomba afya, nikawaombea maiti wetu." Aligusa picha. "Hapa nyote mwaitikia amina."

"Na kijana alikuwa na kamera."

"Nilimwona. Nikasema maskini, si wa dini yetu lakini dua imempendeza."

Nje punda alilia kama kawaida yake. Bi Radhiya alijaribu kulipanga jambo lile kichwani kama apangavyo boriti, nene chini, nyembamba juu, likawa linaporomoka. Kwamba wao waliomba mvua, na mtu mwingine akapata ruhusa ya moshi. Kwamba mwenye moshi ndiye mwenye saruji. Kwamba yeye, Radhiya, amekatazwa boriti zake ili huyo achome mawe, na sasa, kwa kuwa hana boriti, saruji ya huyo huyo iko mlangoni pake. Hakuona mwanzo wala mwisho wa kamba hiyo. Ilikuwa ni duara, na yeye yumo ndani.

Ofisini, Patroba alitoa kumbukumbu za mkutano. Hakuficha kitu. Zilikuwa zimepigwa mhuri mara tatu. Mikono iliyoinuliwa kuunga mkono: mia moja na kumi na miwili. Mikono iliyopinga: hakuna.

"Tulikuwa watu hamsini na sita," alisema Bi Radhiya.

Patroba alihesabu kwa midomo. Ulikuwa mshangao wake wa kwanza, nao haukuwa mkubwa. "Kweli. Wenzangu walihesabu mikono."

"Ilikuwa dua, mwanangu."

Alimweleza yote. Patroba alisikiliza, akashika kichwa, akasimama, akaketi. Alisema yeye mwenyewe aliona ajabu, maana huko kwingine kote watu huinua mkono mmoja, na alipoona wa Lamu wanainua miwili aliandika kwenye ripoti kwamba hawa wameridhia kwa moyo wote. Kwa ripoti ile alipandishwa cheo. Akatoa fomu ya malalamiko, akamsaidia kuijaza, mpaka pale penye nafasi ya kueleza dua ni nini, ambapo nafasi ilikuwa ya mstari mmoja.

"Yajibiwa lini?"

"Itakwenda Nairobi, kisha ng'ambo. Hujibiwa ndani ya muda wa mkataba."

"Mkataba ni wa miaka mingapi?"

"Thelathini."

Bi Radhiya alipiga hesabu ya umri wake, akaiacha njiani.

Lakini alirudi nyumbani na kitu kimoja mkononi, nacho kilikuwa ujanja. Mkataba wa dari yake bado. Ridhaa bado. Kama nyumba hii haitainua mkono, haitaandikwa; na kitu kisichoandikwa, siku moja mtu atasahau kukilinda, na Fundi Shukri ana msumeno. Afra akae kwa muda kwenye tanuri la saruji. Muda wenyewe haukuandikwa.

Saruji, hata hivyo, ilikataa. Fundi Shukri aliimwaga upande wa nyuma mara tatu, na mara tatu, maji ya orofani yalipojaa, ilirudi kuwa unga, mkavu, safi, mtu angeweza kuurudisha mfukoni. Fundi alisema ndiyo mara yake ya kwanza kufanya kazi na saruji yenye aibu. Afra akasema basi. Akapanda juu ya paa, akatandika mkeka katikati ya yale mashina arobaini, akafunga chandarua kutoka shina hadi shina, akatundika kioo. Majani yalikuwa yameshonana juu, kivuli kizuri, baridi.

"Hiki ndicho chumba changu," alisema. "Baba alinitilia alama miti arobaini. Nimehesabu. Ni arobaini."

Taufiq alipoletwa kuona, alitazama juu, akatazama chini kwenye maji, akasema, "Poa tu. Nitakuja na makubadhi."

Akdi ilisomwa nyumbani, Alhamisi, maji yakiwa yamepwa. Wanaume walikaa chini kwenye ua wa ndani, Mwalimu Husseini katikati yao. Wanawake ishirini na watatu walikaa orofani baina ya mizizi, kwenye mikeka iliyowekwa juu ya mbao, wamepaka hina, wananukia udi uliochomwa nje ya mlango kwa sababu ya sheria ya moshi. Bi Radhiya alikuwa amewafundisha siku tatu. Kamera ameifunika kwa leso, mafundo mawili. Na akaongeza tahadhari, maana hakuiamini leso.

"Dua ikisomwa," alisema, "hakuna kuinua mkono humu. Itikiani kwa moyo. Mola asikia. Kila mmoya ashike kitu: wewe sinia, wewe marashi, wewe mwana wa mwenzako. Bi Ummu, wewe shika mdomo."

"Nitashika sinia," alisema Bi Ummu.

Yeye mwenyewe alishika vikombe viwili vya kahawa, kimoja kila mkono, vimejaa mpaka ukingoni.

Sauti ya Mwalimu ilipanda ngazini. Ijabu ya kuoza ikapita, ikaja kabuli ya kukubali, Taufiq akaitikia kabla hajamaliza kuulizwa, wanawake wakacheka. Kisha dua. Mwalimu aliwaombea maarusi mapenzi na huruma; vikombe havikutikisika. Aliwaombea kizazi chema. Sinia la Bi Ummu lililia mara moja likatulia. Kwenye mzizi wa kamera, kaa mmoja mkubwa alikuwa ameshika ncha ya leso, anaivuta bila haraka, na wote walimwona, na hakuna aliyekuwa na mkono mtupu wa kumfukuza.

Leso ikaanguka.

"Na umrehemu, ya Rabbi," ilisema sauti kutoka chini, "mja wako Barka, aliyekata boriti umri wake wote na hakukata ya mtu. Aliyemwekea mwanawe dari kabla ya kumwona uso. Umjaalie na yeye dari huko aliko."

Bi Radhiya aliangalia vikombe. Alijua vizuri kabisa kitu gani kitatokea, na alijua kwamba ataulizwa na Fundi Shukri, na kwamba ni ujinga. Aliviweka juu ya mzizi, kimoja baada ya kingine, bila kumwaga. Kisha akainua mikono yake miwili, viganja juu, akasema amina. Masinia yakashuka. Wanawake wengine wote wakainua. Na matawi, yaliyokuwa yameinama kwa joto la mchana, yaliinuka pia, mawili kwa kila boriti, majani yakageuza matumbo yao juu.

Kamera ikalia tik.

Hati ilikuja baada ya wiki tatu, imepigwa mhuri. Patroba aliileta mwenyewe na zawadi ya arusi, chupa ya kahawa yenye nembo ya kampuni. Mikono iliyoinuliwa kuunga mkono: mia moja na ishirini na sita. Bi Radhiya alisema wanawake ishirini na watatu ni mikono arobaini na sita. Patroba alisema ndiyo, lakini mingine themanini ni ya miti, na kwamba kule ng'ambo wamesema hawajawahi kupata msitu ulioridhia wenyewe. Miaka thelathini. Afra na Taufiq walipewa kibali cha kuingia msituni, cha watu wawili, cha kuhuishwa kila mwezi. Akizaliwa mtoto itajazwa fomu nyingine. Manufaa yalikuwa njiani.

Hivyo ndivyo wanavyokaa. Chumba kina baridi, Taufiq amezoea makubadhi, na mawifi watano huja Ijumaa kula kaa. Bi Radhiya hufagia majani kila Jumatatu baada ya alasiri na kuyaandika kwenye daftari, sita, tisa, hata asipokuwa na hakika. Siku nyingine husimama na fagio, hutazama juu, hujiuliza kama mwanawe ni wa kwanza katika vizazi saba kulala chini ya dari ya watu, au dari ni yao na pumzi ndiyo ya watu, au kinyume chake. Huanza upya kupanga, nene chini, nyembamba juu. Huporomoka.

Mwezi uliopita Bi Ummu naye alianza kumjengea mwanawe chumba. Boriti hakuna, kwa hiyo punda walileta saruji, mifuko ishirini, wakaipanga kwenye daka lake. Ilikuwa na picha mpya. Bi Radhiya alivuka, akaupangusa vumbi mfuko wa juu kwa upindo wa leso, akainama kutazama. Nyuso hazikuonekana, kama alivyoahidi Patroba. Ni majani, na mikono mingi, na mmoja wenye kidole kilichopinda.

"Umetoka vizuri," alisema Bi Ummu.

Bi Radhiya alisogea ili jua lipige vizuri.

"Mara hii hina imeshika," alisema.